Uzi Wangu Uko Kashmir

Uzi wangu umefungwa Kashmir, kwenye dirisha la mbao la ziara, yaani kaburi la walii mmoja linalozuriwa, juu ya kilima, na mimi sijawahi kufika huko. Mahali pa mbali kabisa nilipowahi kwenda kutoka hapa Hayes, London, ni Mombasa, na nilikuwa mdogo, nakumbuka joto na paka tu. Lakini kila Bibi aliponitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, nilijua hanitazami mimi peke yangu. Alikuwa anatutazama wawili, mimi na ule uzi.

Nilizaliwa kabla ya wakati wangu, moyo wangu ukiwa na tundu. Waliniweka kwenye kisanduku cha kioo, na mama anasema alikuwa akiniingizia mkono mmoja tu kupitia kidirisha cha ubavuni. Bibi, mama yake baba, hakuweza kukaa pale kutazama. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, lakini babu yake alitoka Kashmir kuja kufanya useremala, na kule bado kulikuwa na binamu waliokuwa wakiandikiana. Akapanda ndege akaenda. Akakwea ngazi za ile ziara, akachana ukingo wa mtandio wake, akafunga fundo dirishani na kuomba niishi.

Desturi ya pale ni hii. Ukifunga uzi unaacha haja yako. Haja ikitimia, unarudi kufungua. Si lazima uwe uzi wako mwenyewe, maana nyuzi zimesongamana kwenye zile mbao kama nywele zisizochanwa, hakuna anayeweza kuujua wake. Unafungua wowote. Lakini lazima urudi. Na asiyerudi je? Nilimuuliza Bibi mara moja, nikiwa darasa la mwisho la msingi. Akaniambia nimalize chai yangu.

Bibi hakurudi. Kwanza alisema tusubiri nitembee. Tundu likajifunga, nikatembea. Kisha njia za kule zikafungwa kwa ghasia. Kisha babu akafa, kisha nyonga ya Bibi ikaharibika, akawekewa ya chuma, kisha mapafu. Kila mwaka ulikuja na sababu yake, na zote zilikuwa za kweli.

Mama haamini mambo haya. Yeye ni Mswahili wa Mombasa, amesoma chuoni mpaka akahitimu, na kwake haja unampelekea Mwenyezi Mungu moja kwa moja, huhitaji dirisha la mtu. Alikuwa akimwambia Bibi kwa adabu, huku anavaa viatu vya kazini, maana anapanga trei za chakula cha abiria wa ndege kwenye ghala karibu na uwanja. Baba naye yuko kwenye ghala jingine, shifti ya usiku, kwa hiyo katika mengi ya haya ninayoandika baba amelala.

Sasa Masi. Masi ndiye jirani yetu, ukuta wake ndio ukuta wetu, akikohoa tunasikia. Ni Mhindu, na yeye kazaliwa kulekule bondeni Kashmir. Aliozeshwa akiwa msichana kwa mwenye duka la vitambaa Nairobi, akakaa huko mpaka walipohamia London, na sasa ni mjane. Bibi anajua Kikashmiri cha kubembelezea mtoto, basi. Masi anajua Kiswahili cha dukani. Kwa hiyo hawa wazee wawili wenye asili moja walikuwa wanazungumza Kiswahili juu ya ua wa nyuma, huku Hayes, mvua ikinyesha.

"Kiswahili chako kimekaa kama gari bovu," Bibi humwambia.

"Na Kikashmiri yako ya mtoto wa kunyonya," Masi hujibu.

Walikuwa wakibishana juu ya kila kitu cha huko. Kule milimani kuna pango lenye nguzo ya barafu ambalo Wahindu huhiji kila kiangazi, na hadithi inasema aliyeligundua ni mchungaji Mwislamu. Bibi hakuacha mwaka upite bila kumkumbusha. Bila mchungaji wetu mngeabudu wapi? Na Masi humuuliza, bila sisi mchungaji wenu angemwambia nani? Wote wawili hupika wali wa manjano wenye mafuta na chumvi, wakautoa mlangoni kwa yeyote apitaye, ili kuepusha baya. Wa Masi una vipande vya maini, wa Bibi una vitunguu vya kukaanga, na kila mmoja husema wa mwenzake ndio unaokaribisha baya lenyewe. Mpeleka barua wa mtaa wetu ameshakula wa pande zote mbili.

Jikoni kwa Masi kuna picha ya chemchemi. Ni kidimbwi kilichozungushiwa mawe meupe, katikati kihekalu kidogo, juu miti mikubwa yenye majani kama viganja. Mungu wao wa kike anakaa ndani ya maji yale. Mahujaji humimina maziwa na wali wa maziwa, na maziwa yenyewe huuzwa na Waislamu wa kijiji cha pale. Miaka ya ghasia, jamaa zake Masi walipohama, ni hao wauza maziwa waliobaki wakifagia majani. Na maji hubadilika rangi. Yakiwa ya kijani hafifu au meupe, mwaka ni mwema. Yakiwa meusi, hakuna anayetaka kuongea.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda kuikagua ile picha, nikidhani nayo itabadilika.

Mara ya kwanza nilianguka skuli, kwenye foleni ya chakula. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimesimama, halafu nikawa naangalia viatu vya watu, na njegere zangu zimetawanyika sakafuni. Nitasema ukweli: sikuogopa kufa, niliona aibu. Mimi ni mtu ambaye hata mwalimu akiita jina langu naitikia kwa mkono. Watu wote wale walikuwa wameniinamia, na msichana mmoja alikuwa ameshanitolea simu. Niliomba ardhi inimeze. Baadaye nikaona si vizuri kuomba hivyo.

Mara ya pili ilikuwa kituo cha basi. Mara ya tatu nilikuwa napandisha nguo nilizoanua, nyumbani, na aliyenikuta chini ya ngazi ni Bibi. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni pamoja nami, yeye na nyonga yake ya chuma, akaniwekea kichwa changu mapajani, na nilipofungua macho alikuwa anatazama mlango.

"Unaniita," akasema.

Sikumuuliza ni nini kinachomwita. Nilijua ni ule uzi.

Hospitali walinipima, wakanibandika waya, wakaona lile tundu la zamani limeziba salama. Daktari alisema huenda ni umeme wa moyo unaokosea njia. Watanitia chini ya ngozi kijimashine chembamba kama njiti ya kiberiti, kikae kikisikiliza moyo mchana na usiku, na kikisikia kitu kitawaambia wao. Tukapewa siku, mwanzoni mwa kiangazi. Mama aliuliza maswali yote. Mimi nilikuwa nikifikiria kwamba sasa nitakuwa na mtu ndani anayesikiliza, na mimi sipendi hata kusikilizwa darasani.

Bibi akaanza kuuliza habari za ndege. Daktari wake alikataa palepale, kwa mapafu yale hata ngazi za nyumbani zinamshinda, itakuwaje kilima. Baba aliamka kwa ajili ya mazungumzo hayo, akasema hapana, akarudi kulala. Ndipo ikakumbukwa kwamba Masi anakwenda. Tikiti yake ilikuwa imeshakatwa, aende kwenye sikukuu ya ile chemchemi, akae kwa mpwa wake mjini. Bibi alikaa na wazo hilo siku kadhaa bila kulisema. Niliona tu anasuguasugua kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Masi akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, simu mkononi. Mpwa wake alikuwa amemtumia vidio. Tuliitazama watatu, mimi nikiwa nyuma ya mabega yao. Mawe meupe, majani, mahujaji wachache peku. Na katikati maji, ya rangi ya chai iliyosahaulika kwenye sufuria.

"Maji imekuwa nyeusi," Masi akasema.

Bibi huwa hawezi kulipitisha neno kama hilo. Kwa kawaida angesema yamekuwa, mama wee, yamekuwa meusi, maji ni wengi. Nilimngoja aseme. Hakumrekebisha. Alivuta kiti akakaa, na hapo ndipo mimi niliogopa kwa mara ya kwanza, kuogopa kwelikweli.

Jamaa zake Masi walimpigia kutoka kila upande wakimwambia aahirishe. Alipika wali wa manjano sufuria nzima, akagawa mpaka mwisho wa mtaa. Halafu akaja kutuambia kwamba anakwenda vilevile. Alisema mama yako akinuna ndipo unamwendea, akiwa anacheka hata jirani anamwendea. Bibi akamshika mkono.

"Basi niendee na mimi," akasema. "Mtu huhijiwa akishindwa. Nifungulie."

Mama alikuwa anaosha vyombo. Sufuria ziligongana. Aliuliza bila kugeuka, tangu lini Mhindu akamfungulia Mwislamu nadhiri yake, tena nadhiri yenyewe isiyo na asili katika dini.

"Walii hajaniuliza dini mpaka leo," Masi akasema. "Nyanya yangu alifunga pale ndiyo mimi nikazaliwa. Wewe osha sufuria, binti."

Mama akacheka bila kutaka. Lakini aliiacha sufuria ndani ya maji akatoka.

Bibi akampa maagizo, na aliyarudia mpaka nikayajua mimi pia. Mkono wa kulia. Fundo moja, lolote litakaloachia lenyewe, usilazimishe, usitumie meno. Utaje jina langu na jina la mtoto. Kisha geuka ushuke. "Usifanye jingine lolote pale," akasema. "Fungua, geuka, shuka." Alimpaka Masi marashi ya waridi kiganjani kama anayempa mkono wake auchukue. Masi alijibu ndiyo kwa kila neno. Alikuwa anatikisa kichwa kama anavyotikisa siku zote, wala huwezi kujua anakubali au anasikiliza tu.

Baada ya hapo tulingoja. Masi alifika salama, akaenda kwenye chemchemi yake kwanza, akatuma sauti ikiwa na kelele za kengele nyuma. Alikuwa amemimina maziwa. Maji yalikuwa bado vilevile. Muuza maziwa mzee alimwambia usiyatazame sana, dada, mimina uende. Alisema kesho yake watakwenda ziarani. Kesho yake haikuja sauti yoyote. Wala keshokutwa. Bibi alisema kule mtandao hukatwa mambo yakiharibika, ni kawaida, na alivyosema ni kawaida hakuna aliyetulia. Baba alitafuta habari kwenye simu yake akaizima haraka nilipopita.

Ukutani hakukuwa na kikohozi. Nilizoea kulala nikimsikia Masi. Sasa nilisikia moyo wangu, au nilidhani nausikia, nikawa nauhesabia mapigo kisha naogopa kuhesabu. Skuli nilitembea karibu na kuta. Siku ya hospitali ilikuwa inakaribia, na mimi ambaye siamini wala sikatai, nilianza kuona nyuzi kila mahali. Uzi mwekundu kwenye kiti cha basi. Uzi umejiviringa kwenye kitufe cha koti langu. Niliutoa kwa mkono wa kulia, polepole, bila kuukata.

Simu ililia siku moja kabla ya hospitali, tukiwa tunakula chakula cha mchana. Ilikuwa vidio, na mpwa ndiye aliyeishika, picha inacheza. Kwanza tuliona ngazi, kisha njiwa, kisha ukuta wa mbao za nakshi. Sikujua zingekuwa nyingi hivyo. Nyuzi, vitambaa, kamba za viatu, vipande vya plastiki, nyeupe, nyekundu, za kijani, nyingine zimeoza zikawa rangi ya vumbi, tabaka juu ya tabaka, mpaka mbao zenyewe hazionekani. Niliwaza kwamba kila moja ni mtu. Kisha nikawaza wale wa vumbi, waliofungiwa zamani na hakuna aliyerudi.

Masi alikuwa amejifunika kichwa. Aliinua mkono wa kulia, akapapasa, akaacha, akapapasa kwingine. Bibi alikuwa amesimama, ameshikilia meza.  Fundo likaachia. Ulikuwa uzi mwembamba wa njano. Masi akalitaja jina la Bibi na langu kwa sauti, na Bibi akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

"Sasa geuka," Bibi akasema. "Shuka, dada. Geuka."

Sijui kama sauti ilifika. Masi hakugeuka. Alichana ukingo wa mtandio wake kwa vidole, upesi, kama kitu anachokifanya kila siku, akaupitisha palepale uzi wa njano ulipotoka, akafunga. Alifunga mara mbili, akakaza. Kisha picha ikaganda, kidole chake kikiwa bado juu ya fundo, na simu ikakatika.

Mama aliuliza kwa upole ni nini kilichotokea, mbona kafungua vizuri.  Bibi alikusanya sahani ambazo hatukuwa tumemaliza kula.

Hospitali ilikwisha upesi. Walinitia ganzi, nikahisi kusukumwa tu. Nilitoka na plasta kifuani na kijimashine ndani, na muuguzi akaniambia nitakisahau. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kungojea, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniwekea kiganja juu ya plasta, akakiacha pale muda, akitazama kando kama daktari wa zamani.

Masi akarudi. Alituletea vidonge vyeupe vya sukari kutoka ziarani na maji kidogo ya chemchemi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Maji ya chupani yalikuwa maangavu, lakini alisema hayo si kitu, yakitolewa tu hurudi kuwa maji. Bibi hakula sukari.

"Nilikwambia nini?" akamuuliza. "Nilikwambia ufanye nini pale?"

Masi hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa, na nikamwona anazeeka mbele yetu. Alisema kwao hivyo ndivyo walivyolelewa, ukitoa uzi huachi tundu wazi, unamwachia walii mkono mtupu vipi, mikono yenyewe ilifanya kabla ya kichwa. Bibi akamuuliza alifunga haja ya nani.

Masi alinitazama mimi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Ya huyu," akasema. "Niliomba apone moyo. Akipona ataenda mwenyewe kufungua. Ana miguu, ana umri. Mimi na wewe tumekwisha."

 Nilidhani Bibi atamfukuza. Alichukua kidonge kimoja cha sukari, akakitia mdomoni, akakiacha kiyeyuke, na machozi yakawa yanamtoka bila uso wake kubadilika. Nilitaka kusema jambo. Nilitaka kusema kwamba kama uzi wowote unafaa, kwa nini mnaogopa hivi, si yeyote anaweza kufungua wa yeyote? Sikusema. Nimeliandika hapa kwa sababu mdomoni halikutoka.

Wiki iliyopita hospitali walimpigia mama akiwa kazini. Kijimashine kimesikia. Moyo wangu ulisimama kidogo, halafu ukaendelea, siku ambayo nilikuwa nimekaa darasani nikisikiliza somo la historia. Sikuhisi kitu, hakuna aliyeona. Daktari anasema tusiwe na wasiwasi, ni vizuri tatizo limenaswa, sasa wanajua, na watatuita kuzungumzia mashine kubwa zaidi itakayousukuma moyo ukisita. Mama alirudi nyumbani na sare ya kazini, akakaa kitandani kwangu, akaniombea kwa sauti, moja kwa moja, bila dirisha la mtu.

 Jioni yake Bibi aliniita jikoni. Alikuwa amechana kanga yake kuukuu vipande vyembamba na kuvifunga kwenye mpini wa oveni, vyote, vimebanana. Masi alikuwa amekaa pembeni na miwani yake. Wakaanza kunifundisha. Viatu unaviacha upande gani wa mlango. Wanawake wanapita wapi. Ngazi zinateleza pale njiwa wanapokaa. Kisha Bibi akaniambia nifungue.

"Kulia tu," akasema nilipoinua mikono miwili.

Tunafanya hivyo kila siku nikitoka skuli, hao wawili wakinitazama, na hawabishani. Hawaniambii ni lini nitakwenda, wala nani kati yao atakuwepo nikirudi. Nimekuwa mwepesi. Mafundo ya Bibi naweza kuyafungua nikiwa nimefumba macho. Ya Masi, ambayo hufunga mara mbili na kukaza, bado. Jana nililishughulikia moja mpaka kucha ikauma, na chini ya kovu la kifuani nikahisi kama kitu kimesita, kikasikiliza, kisha kikaendelea. Sikuwaambia. Nilishusha mkono nikapumzika kidogo, nikaanza tena.